Paa la Mpokezi

Matiara, vishada vikubwa vya kuongozea mawingu, yalikuwa yamekwisha kupanda na kumezwa. Yaliyobaki kuonekana ni kamba zake tu, zikitoka kwenye magurudumu ya kituo na kuingia moja kwa moja kwenye weupe wa wingu, kana kwamba kuna mtu aliyekaa huko juu, mvivu na mpole, ndiye aliyeshika ncha ya pili.

Subilaga Mwaisumo alikaa chini ya kamba hizo na kikombe cha chai kilichopoa. Alikuwa mrusha matiara wa bonde la Lusungo tangu ujana wake, na bado kila alipotazama juu mchana wa namna hii aliona usingizi unamnyemelea, si ule wa uchovu, bali ule wa mtoto anayebembelezwa. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni bila haraka. Uliingia kituoni, ukapita kati ya miguu ya meza, ukatokea upande wa pili.

Pembeni yake binti yake, Atupele, alikuwa amefumba macho na kuweka viganja vyote viwili juu ya kamba. Atupele hakusikia. Alikuwa hivyo tangu uchanga, na sasa alikuwa mwanamke mzima aliyevaa koti la kituo kama mama yake. Lakini kilichotembea ndani ya kamba alikijua kuliko mashine yoyote. Alifumbua macho, akaondoa mikono, akasema kwa lugha ya alama:

"Kiini cha wingu ni kizito. Sijawahi kushika kizito hivi."

"Kiko wapi?" mama yake alimuuliza, kwa mikono pia.

"Juu ya msitu. Kinakuja taratibu, kama ng'ombe mwenye mimba."

Ukungu ulipasuka na bonde likaonekana. Kutoka kule juu nyumba zilionekana ndogo, zimelala kati ya migomba na mashamba ya viazi, na kila mgongo wa paa uliwaka rangi yake. Mengi yalikuwa ya manjano. Machache, hasa upande wa mtoni walikokaa wazee, yalikuwa ya kijivu, rangi ya jivu la jana. Na moja tu, katikati ya migomba, lilikuwa la samawati, liking'aa kama ua lililochanua mahali pasipo lake.

Mapaa hayo yalikuwa ya utando. Zamani bonde lote liliezekwa bati, lakini miaka ilipobadilika na mvua ya mawe kuanza kuja na barafu za ukubwa wa ngumi, bati lilitobolewa kama karatasi, na nyumba zikabaki mbavu tupu. Ndipo ulipoletwa utando, ngozi iliyooteshwa juu ya boriti, ambayo ikipigwa hujiponya yenyewe. Ila kila kujiponya kulikula sehemu ya maisha yake. Kwa hiyo umri wa paa haukuhesabiwa tena kwa miaka. Ulihesabiwa kwa mapigo. Mahali penye hali ya hewa ya upole paa la utando lingeweza kuwafunika hata wajukuu wa aliyelijenga. Hapa chini ya mlima Rungwe, lisipolindwa, lilikuwa mzee kabla mtoto aliyezaliwa chini yake hajaanza kung'oka meno.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hata mafundi walichelewa kuligundua. Utando uliojaa maisha ulikuwa na umeme mwembamba ndani yake, na umeme huo uliliita wingu. Kadiri paa lilivyokuwa changa ndivyo wito wake ulivyokuwa na nguvu. Kazi ya matiara ilikuwa kulishika wingu na kuliongoza kwenye wito mmoja. Halikuweza kuzimwa, wala kutupwa msituni ambako hakuna kinachoita. Likiachwa huru liliitikia kila paa kwa pamoja, likajimwaga bonde zima.

Ndiyo maana baraza la bonde lilikuwa limeweka sheria fupi: paa lenye nguvu lipokee. Nyumba yenye paa jipya ilichukua mvua ya mawe yote, dhoruba baada ya dhoruba, hadi samawati yake ilipofifia kuwa manjano na zamu ikahamia kwa mwingine. Watu wa nyumba hiyo waliitwa wapokezi, na waliheshimiwa. Matiara yakipanda, majirani waliwapa mahali pa kukaa, wakawapikia, wakawabebea magodoro.

Lakini zamani wapokezi hawakutoka nyumbani. Mafundi waliapa kwamba paa halitapasuka, na kweli halikupasuka. Hakuna aliyefikiria kelele. Wapokezi wa kwanza wa bonde walikuwa Subilaga na mumewe Gwakisa. Subilaga alikuwa huku juu, kwenye kamba, akiyaongoza mawe kwa uangalifu wote hadi juu ya nyumba yake mwenyewe. Gwakisa, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ndani na mtoto wa wiki chache. Msimu ulipokwisha, paa lilikuwa zima bila mkwaruzo, na Atupele hakugeuka tena alipoitwa.

Redio ya kituo ilikoroma.

"Kituo. Mama Atupele, shikamoo. Unanisikia?"

Ilikuwa sauti ya Ipyana, kijana wa paa la samawati.

"Marahaba, baba. Nakusikia. Mmeshatoka?"

"Hatujatoka. Tusekile amejifungua."

"Amejifungua? Si bado miezi miwili?"

"Ndivyo ilivyotokea, mama. Tangu alfajiri. Mtoto ni mdogo sana, anaenea kwenye kiganja changu. Mkunga amemfunga kifuani kwa mama yake, anasema akitolewa nje kwenye baridi hii hatufiki naye kwa jirani. Na Tusekile mwenyewe bado anatoka damu. Daraja limekwenda na maji, gari la hospitali limekwama ng'ambo."

Subilaga alisogeza redio karibu na sikio.

"Mama," Ipyana aliendelea, na sauti yake ikawa ndogo, "sikupigii nikuombe. Najua zamu ni yetu. Nakuambia tu, ili ujue kwamba ndani kuna watu."

* * *

Mwenyekiti wa baraza, mzee Mwakatundu, alipiga baada ya muda mfupi. Alikuwa amekwisha kuambiwa.

"Mama Atupele, nakusikitikia," alisema. "Lakini paa la Ipyana litahimili. Yale ya mtoni hayatahimili. Ukiachia wingu, tutapoteza mapaa, tutapoteza migomba, na chini ya yale ya kijivu kuna watu wasioweza kukimbia."

"Paa litahimili, mwenyekiti. Mtoto je?"

"Wamzibe masikio."

"Kelele ile haipiti masikioni tu. Inapita hata mifupani. Wewe unajua."

"Najua. Najua pia kwa nini unaniuliza wewe, na si mtu mwingine." Akaendelea kwa upole uliomuuma Subilaga kuliko ukali: "Siku ile sheria hii ilipokuwa juu ya nyumba yako, uliifuata. Ndiyo maana watu wote wamekubali kuifuata."

Subilaga aliweka redio mezani. Alipogeuka, Atupele alikuwa akimtazama. Alikuwa amesoma midomo ya mama yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Wingu lilikuwa limefika juu ya bega la mlima. Halikuwa jeusi. Lilikuwa la rangi ya kijani iliyopauka, kama maji ya ziwa yanapotazamwa kutoka chini, na ndani yake mwanga ulitembea huku na huku bila sauti. Upepo ulikuwa umekoma. Majani ya miti yalisimama wima, na Subilaga alijiona kama yumo ndani ya ndoto ambayo mtu anajua kwamba anaota lakini hana nguvu za kuamka.

"Unamwona yule mtoto," Atupele alisema kwa mikono, "na hapo hapo unaniona mimi. Unaona kitu kilichovunjika."

"Sijawahi kusema umevunjika."

"Hujawahi hata kuniuliza. Mimi sikuvunjika, mama. Naishi. Nafanya kazi. Nina mambo yangu. Usiwaangushie wazee mawe kwa sababu ya uchungu unaouona kwangu. Uchungu huo ni wako."

"Kwa hiyo tuyapeleke kwa yule mtoto?" Subilaga aliuliza.

"Sikusema hivyo pia."

"Wewe ungefanyaje?"

Atupele alitazama bonde.

"Ningewauliza," alisema. "Wote. Nani yuko tayari kushika kidogo ili yule asishike chote."

"Hakuna muda wa kuuliza bonde zima."

"Najua," alijibu binti. "Ndiyo maana nafurahi kwamba kamba si zangu."

Akarudi nyuma hatua chache, akaficha mikono yake mifukoni. Hakuondoka. Alisimama pale pale, uso wake umeelekea wingu.

Subilaga alibonyeza king'ora cha bonde, kile cha kuwataka watu wote waingie chini ya meza na vitanda. Kilikuwa hakijawahi kulia maishani mwake isipokuwa kwa majaribio. Alikiacha kilie kwa muda mrefu aliothubutu kukiacha. Kisha akashika kipini cha breki, chuma cha baridi chenye umande, na kwa kitambo akasikia ndani yake sauti zote: ya Ipyana, ya mwenyekiti, na ya Gwakisa ambaye hakuwahi kumlaumu. Alikivuta.

Magurudumu yalizunguka kwa kasi, yakalia, kamba zikalegea na kuyumba. Huko juu, mahali pasipoonekana, matiara yaliachia. Na wingu lile, lililokuwa limefunga ngumi moja, lilifungua vidole vyake.

* * *

Kutoka kituoni ilionekana kama pazia jeupe linaloteremshwa juu ya kitanda cha mtoto. Lilianzia msituni, likaja juu ya viazi, juu ya migomba, likapita mtoni. Sauti ilifika baadaye, mngurumo wa mbali, mpole mno kwa umbali ule, mithili ya watu wengi wakitembea peku kwenye changarawe.

Kisha rangi zikaanza kubadilika. Subilaga alizitazama kama mtu anayetazama majani yakizeeka mbele ya macho yake kwa mchana mmoja. Manjano yaliiva, yakawa rangi ya ugoro. La samawati likapauka kidogo, likatulia. Yale ya kijivu yalimeta kidogo, kila moja likijitahidi kujiponya, moja baada ya jingine, na kila lilipometa yeye alishusha pumzi. Halafu moja, karibu kabisa na mto, lilimeta mara ya mwisho na kuzimika.

Alimshika binti yake mkono. Atupele aliuacha mkono wake ushikwe.

Mvua ya mawe ilipopita, bonde lilikuwa jeupe. Watoto walitoka nje. Wengi hawakuwa wamewahi kuona barafu mlangoni mwao, kwa maana maisha yao yote ilikuwa ikishuka kwenye nyumba moja ya mtu mwingine. Waliiokota, wakailamba, wakacheka, na kicheko chao kilipanda hadi kituoni kikiwa kimechanganyika na kilio cha mwanamke fulani aliyekuwa akiita majirani waje na shoka.

Subilaga aliteremka mbio.

Nyumba ilikuwa ya mzee Mwasandube, aliyefundisha kwaya ya kanisa la bondeni kwa miaka mingi na sasa alikaa peke yake. Utando ulikuwa umechanika kutoka mgongoni hadi ukingoni, na boriti moja ilikuwa imeanguka juu ya kitanda ambacho chini yake alijificha. Walipomtoa alikuwa hai. Paja lake lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi na barafu, na alikuwa akimtazama Subilaga.

"Umeiachia," alisema.

"Nimeiachia, baba."

"Kwa nini?"

Alimweleza, pale pale kwenye matope, wakati wanaume wakitengeneza machela. Alimweleza juu ya Tusekile na mtoto. Mzee alifumba macho, na machozi yakamtoka, lakini ilikuwa vigumu kujua kama yalikuwa ya maumivu au ya kitu kingine.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai. Ipyana ametuarifu redioni."

Hakusema kwamba amemsamehe. Walimbeba, na kila walipoteleza alilia kwa sauti.

* * *

Baraza lilikutana ukumbini. Watu walisema mengi. Ipyana alisimama kushukuru, akashindwa, akakaa. Mwanamke mmoja ambaye shamba lake lote la migomba lilikuwa limekatwakatwa alisema kwamba hana chuki, ila anataka kujua watoto wake watakula nini. Mama mmoja kijana, aliyewahi kuwa mpokezi, alisema kwamba mwaka wa zamu yake aliwaona majirani wakija na sufuria za chakula, wakimsifu, na kila mara alitamani mmoja wao tu aseme, leo lete kwangu.

Mwisho mwenyekiti Mwakatundu alimwita Subilaga mbele. Hakupaza sauti. Alisema kwamba mtu aliyelivunja agano la bonde hawezi kulishika tena, hata kama alilivunja kwa huruma. Subilaga alivua koti la kituo, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Kamba akapewa Atupele, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyezijua.

Atupele aliinua mikono kabla hajakubali, na mama yake ndiye aliyelazimika kutafsiri mbele ya watu wote.

"Anasema atazishika," Subilaga alisema. "Lakini kwa sharti. Kabla ya kila dhoruba atateremka mwenyewe hadi kwa mpokezi na kumuuliza. Mpokezi akisema hapana, atamuuliza anayefuata. Asipopatikana yeyote, ataiachia, na bonde lote litajua kwamba halikumpata hata mmoja."

"Na wingu likija ghafla?" mwenyekiti aliuliza.

Atupele alisoma midomo yake, akajibu. Subilaga akatafsiri:

"Anasema atawauliza mapema."

Walibishana hadi jua likazama, wakakubali.

* * *

Paa la mzee Mwasandube halikuweza kupona, kwa hiyo lilitandikwa jipya. Bonde zima lilijitokeza. Walikunjua utando mpya juu ya boriti mpya, wakaunyunyizia maji ya uvuguvugu hadi ukashika, na jioni yake mgongo ukawaka samawati, samawati changa kuliko ya Ipyana. Kila mtu aliona maana yake: zamu sasa ilikuwa ya mzee.

Mzee alirudishwa kutoka hospitalini akiwa na plasta kuanzia kiunoni hadi kifundo cha mguu. Subilaga alihamia kwake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na mzee hakumkaribisha, alimwacha tu. Alimpikia, akamwosha, akamgeuza asipate vidonda. Siku za mwanzo waliongea juu ya uji na chumvi tu. Kisha siku moja mzee akamuuliza kwa nini hana hata wimbo mmoja kinywani wakati anafanya kazi, na yeye akasema hajui kuimba, na mzee akasema kwamba hilo si kweli kwa mtu yeyote. Tangu hapo kila asubuhi alimfundisha ubeti, akiwa amelala chali, akimwongoza kwa vidole viwili. Sauti ya Subilaga ilikuwa mbaya. Mzee alimwambia hivyo waziwazi, na aliendelea kumfundisha.

Mwanzoni mwa msimu uliofuata Atupele aliteremka. Alisimama miguuni pa kitanda na koti lake la kituo, mrefu kuliko mama yake alivyomkumbuka, akazungumza kwa mikono.

"Anasemaje?" mzee aliuliza.

"Anakusalimu. Anasema kesho mchana linakuja wingu zito. Anasema paa lako ndilo lenye nguvu kuliko yote. Akikuletea wewe, wengine hawataguswa. Unaweza kubebwa upelekwe kwa jirani. Na unaweza kukataa. Ukikataa hatakuuliza mara ya pili, atakwenda kwa mwingine."

Mzee Mwasandube alitazama juu, kwenye utando, ambao ulipokea mwanga wa nje na kuumwaga chumbani kama maji yaliyotulia.

"Kubebwa hapana," alisema. "Walinibeba mara moja, nikaona nyota mchana. Mwambie alete. Nitabaki." Akafikiri. "Mwambie pia, ndaga, asante. Kwa kuniuliza."

Subilaga alitafsiri. Atupele aliinamisha kichwa kwa heshima. Kisha akamgeukia mama yake.

"Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Na wewe nakuuliza. Unalala humu."

"Nitabaki," Subilaga alisema.

* * *

Kesho yake mchana chumba kilijaa mwanga wa kijani. Kuku walinyamaza. Subilaga alimziba mzee masikio kwa pamba na nta, akajiziba na yeye, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Katika miaka yake yote ya kuongoza dhoruba, hakuwahi hata mara moja kuwa chini ya paa linalopokea. Alikuwa daima kwenye kamba, kule juu, ambako mngurumo ulifika ukiwa umechoka.

Jiwe la kwanza lilianguka peke yake, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. La pili. Kisha yakaja mengine mengi.

Halafu haikuwa tena sauti. Ilikuwa kitu kinene kilichoingia chumbani na kukaa. Kilikuwa kwenye meno yake, kwenye maji ya kikombe yaliyoruka bila kuguswa, kwenye mbao za kigoda. Utando juu yao ulibonyea na kurudi, ukabonyea na kurudi, na kila pigo liliacha nukta ya samawati iliyowaka na kufifia, nukta juu ya nukta, hadi dari lote likawa anga la nyota zinazozaliwa na kufa. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona, na alitaka kulikimbia. Alifungua kinywa kumwita mzee akakuta hana sauti. Labda alipiga kelele. Hakuna namna ya kujua.

Mzee Mwasandube alikuwa akitetemeka, ameng'ang'ania ukingo wa kitanda. Subilaga alimwekea mkono kifuani. Walikaa hivyo, hawajui ni muda gani. Kisha, polepole, mzee aliachia ukingo, akainua mikono yake miwili iliyokonda, akaanza kuiongoza dhoruba. Aliiita upande wa kulia, akaituliza kushoto, akaidai zaidi, akaisihi ishuke. Dhoruba haikumtii hata kidogo. Yeye alicheka, machozi yakimtiririka hadi kwenye mto, na aliendelea.

Subilaga alimfikiria Gwakisa, kijana, katika chumba kama hiki, akiwa na mtoto kifuani na bila mtu wa kumshika. Alimfikiria sana. Alilia naye, miaka yote hiyo ikiwa imepita, na kilio chake hakikumsumbua mtu.

Ilipokoma, masikio yalibaki yakivuma. Mzee alikuwa amelala, kinywa wazi, mapigo ya moyo wake mazuri. Subilaga alimfunika. Alifungua mlango kwa kuusukuma dhidi ya barafu iliyojaa hadi magotini pande zote za nyumba, akavuka uzio, na hatua chache mbele akakuta ardhi kavu, majani mabichi, kuku wa jirani wakichakura kana kwamba hakuna lililotokea.

Alipanda mlima hadi kituoni.

Atupele alikuwa akiteremsha matiara. Moja lilikuwa limeshatua kwenye nyasi, limelowa, pana kama uwanja wa nyumba. Alipomwona mama yake alimtazama kwanza usoni, kisha miguuni, kuhakikisha kwamba yuko mzima. Mikono yake ilikuwa kwenye kamba, kwa hiyo hakuweza kusema. Subilaga akasogea, akashika kamba pembeni yake, wakavuta pamoja hadi la mwisho likatoka kwenye wingu na kushuka.

Mikono ikawa huru. Atupele aliipangusa kwenye koti.

"Mzee?"

"Amelala. Yuko salama."

Binti alitikisa kichwa kukubali. Alitazama bondeni, kwenye doa moja jeupe lililozungukwa na kijani kila upande. Kisha akauliza, taratibu, kwa alama ambazo Subilaga hakuwahi kuziona zikipangwa hivyo kwenye vidole vyake:

"Ilikuwaje? Ile kelele. Baba hakuweza kunieleza, na wewe ulikuwa hujui."

Subilaga alikaa kwenye nyasi zilizolowa. Atupele akakaa mbele yake, karibu, magoti yao yakigusana, ili asipoteze hata neno moja. Na Subilaga akainua mikono yake, akaanza na lile jiwe la kwanza.